Tulipopeleka Roboti kwa Wajukuu wa Wafua Chuma

Ukifika Dar es Salaam ukasema unatoka Sumbawanga, hazipiti dakika mbili hujaulizwa habari za radi. "Mwanangu, ni kweli huko kwenu radi mnatengeneza wenyewe?" Mwingine atataka kujua kama umekuja kwa basi au kwa ungo. Unacheka, maana usipocheka ndiyo kabisa, utaambiwa umekasirika na usiku mtu hatalala. Kumbe hata jina la mji wetu linasema kinyume chake: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Yaani wewe unayeingia hapa, huo uchawi wako utupe huko huko nje. Lakini nani ana muda wa kusikiliza maana ya jina wakati mzaha wenyewe mtamu?

Nimeanza na radi, ndugu msomaji, lakini ninachotaka kuzungumza ni roboti. Shuleni kwetu tulikuwa na klabu ya vijana kumi na wawili, wasichana watano na wavulana saba, na tulijiwekea desturi ya kutoka siku za Jumamosi kwenda vijijini kuonyesha kigari kinachojiendesha chenyewe. Nilipomsimulia mshikaji wangu mmoja wa Kinondoni, akashika tumbo. "Sumbawanga na roboti wapi na wapi?"

Hilo "wapi na wapi" lake ndilo limenikalisha kitako nikaandika. Kwa sababu ukiifuata historia ya nchi hii ya Ufipa unakuta mambo mawili ambayo watu wa mjini hawayajui, na hata sisi wenyewe hatufundishwi. La kwanza, vijana wa shule kubeba elimu na kuipeleka kijijini si mtindo mpya uliokuja na kompyuta. La pili, na hili ndilo zito, mashine haikuletwa Ufipa na wanafunzi. Ilikuwapo. Iliondoka kabla baba zetu hawajazaliwa, na namna ilivyoondoka inamhusu sana kijana yeyote anayebeba kifaa cha kisayansi kwenye begi kwenda kuwaonyesha wazee.

Tuanze na huo mtindo wa timu za roboti. Mwaka 1989 mvumbuzi wa Kimarekani, Dean Kamen, alianzisha taasisi inayoitwa FIRST, na mwaka 1992 timu 28 zilishindana kwa mara ya kwanza ndani ya ukumbi wa michezo wa shule moja huko Manchester, New Hampshire. Nia yake ilikuwa vijana wawashangilie wahandisi kama wanavyowashangilia wacheza mpira. Sasa, kitu ambacho wengi wetu hatukijui ni kwamba tuzo kubwa kuliko zote katika mashindano yale haiendi kwa roboti lenye nguvu wala lenye mbio. Inakwenda kwa timu iliyoigusa jamii yake zaidi: iliyofundisha watoto wa shule za msingi, iliyosaidia timu nyingine kuanza, iliyotoka nje ya karakana. Zamani iliitwa Tuzo ya Mwenyekiti, na kuanzia msimu wa 2023 imepewa jina jipya. Ndiyo maana timu za roboti duniani kote zina hii tabia ya kutoka nje. Si hisani tu, ni sehemu ya ushindi.

Julai 2017 mashindano ya kimataifa ya roboti yalikusanya mjini Washington timu za wanafunzi kutoka nchi zaidi ya 150, Tanzania ikiwamo, na kazi waliyopewa ilihusu maji safi. Dunia ilizungumza sana habari za wasichana wa Afghanistan walionyimwa viza mara mbili kabla ya kuruhusiwa. Lakini sisi wa huku tulitazama zaidi majirani zetu, timu ya Burundi. Mashindano yalipokwisha vijana wote sita walikuwa hawaonekani, na polisi wakasema wawili kati yao walionekana wakivuka kwenda Kanada. Nchi yao ilikuwa katika msukosuko tangu 2015. Mimi siwezi kumhukumu mtoto wa miaka 17 kwa kuchagua njia ya kupona. Nasema tu kwamba tunapohubiri "rudisheni ujuzi kwenye jamii", tukumbuke jamii yenyewe nayo lazima iwe mahali pa kurudi.

Nyumbani kwetu yapo maonyesho ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa 2011, ambayo yamewafanya wanafunzi wa sekondari wa mikoani watazame shida za kijijini kwao kama maswali ya sayansi. Na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kule Kongo, mhandisi Thérèse Izay Kirongozi aliweka mwaka 2013 maroboti ya kuongoza magari katika barabara za Kinshasa, marefu kuliko mtu, yanatumia umeme wa jua. Siku za mwanzo madereva waliyaheshimu kuliko trafiki wa nyama na damu, kwa sababu roboti halipokei kitu kidogo. Hilo sihitaji kulieleza kwa msomaji wa Afrika Mashariki.

Basi, na sisi tukaiga. Lakini tulikuwa tunaiga kitu ambacho babu zetu walikwisha kukifanya kwa kiwango kikubwa mno, bila waya wala betri ya lithiamu.

Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kukataa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa masharti yaliyowekwa. Mwalimu Nyerere akawafukuza, zaidi ya 300, wakarudishwa makwao kila mmoja na mzigo wake. Hapo hapo akapunguza mishahara ya wakubwa serikalini, na wake mwenyewe akaukata asilimia 20. Miezi michache baadaye, Machi 1967, likatoka andiko la Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake unaweza kuieleza kijiweni kwa sentensi moja: mwanafunzi analishwa na jasho la mkulima, kwa hiyo asijifanye wa daraja jingine. Halafu 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka uliofuata wilaya 6, zikiwamo Mafia, Ukerewe na Masasi, zikapewa kazi ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma.

Nani alikuwa anafundisha? Walimu wa kweli walikuwa wachache. Wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, makarani, wanafunzi, mtu yeyote anayejua a, e, i, o, u. Jioni chini ya mti, kijana wa miaka kumi na sita ameshika chaki, mbele yake wamekaa wazazi wa rafiki zake. Hebu fikiria hali ile. Unamwamkia "shikamoo baba", anaitikia "marahaba mwanangu", kisha unamwambia herufi aliyoandika imegeuka nyuma mbele. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, aliyefundisha kisomo akiwa kijana, aliniambia kazi haikuwa kufundisha kusoma. Kazi ilikuwa kumsahihisha mtu mzima bila kumvunjia heshima. Wengine waliweza, wengine walikimbiwa darasa zima.

Mashine yao ilikuwa redio. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa wiki 12 watu kiasi cha milioni 2 walikaa katika vikundi, kama 75,000 hivi, wakisikiliza kipindi cha Radio Tanzania, kisha wakijadili na kuamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani karibu na nyumba, kuchemsha maji. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Kikundi kilikuwa na kiongozi, kitabu chembamba cha picha, na redio ya mbao ambayo betri zake zilianikwa juani zikichoka. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo nchi hii ilipofanya mradi wake mkubwa kuliko yote wa kupeleka teknolojia kijijini, maana redio haikwenda pale kushangaza watu. Ilikwenda na swali, na jibu lilitakiwa litoke kwenye kikundi.

Halafu ukaja mwaka 1974 na Azimio la Musoma: ifikapo 1977 kila mtoto awe darasani. Wakahitajika walimu kwa maelfu, na vijana wa darasa la saba wakafunzwa ualimu huku wanafundisha. Watu wakawabatiza. UPE, wakasema, ni Ualimu Pasipo Elimu. Utani wa Watanzania hauna huruma. Lakini ni hao hao waliotufundishia wazazi wetu, na wazazi wetu ndio waliotununulia madaftari.

Takwimu zinapanda vizuri, halafu zinashuka. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma walikuwa karibu asilimia 67. Mwaka 1977 wakawa 27. Mwaka 1986 wakatajwa kuwa chini ya 10. Kisha fedha zikakata, madarasa ya jioni yakafa moja baada ya jingine, na sensa ya 2002 ikakuta karibu watu 3 katika kila 10 hawasomi. Wale waliojifunza a, e, i, o, u chini ya mti hawakupata tena kitu cha kusoma, na herufi bila gazeti hukauka kama mbegu isiyopandwa. Kwa hiyo hata jambo zuri likiletwa kutoka juu, kwa amri na kwa mwaka maalumu, linaweza kuondoka kwa njia ile ile lililokuja.

Sasa tulifuatilie hili neno lenyewe, roboti. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, ndiye aliyelitia katika tamthilia yake R.U.R. ya mwaka 1920, na limetokana na neno la lugha yake, robota, ambalo ni kazi ya kulazimishwa. Sisi tuna neno letu: shokoa. Ukitaka tafsiri ya haki, roboti ni mtu wa shokoa. Na hapa historia ya Ufipa inaingia yenyewe bila kupiga hodi. Wakoloni walipoleta kodi, na kodi ikatakiwa kwa fedha, vijana wa kusini na magharibi mwa Tanganyika, Wafipa wakiwamo, waliingia njiani kwenda mashamba ya katani ya Tanga. Waliitwa manamba, kwa sababu mtu alikuwa namba. Jina uliliacha nyumbani. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi maalumu, SILABU, ya kuwakusanya kutoka mbali. Unapewa namba, unapewa kipimo cha mikonge ya kukata, ukimaliza unapigiwa alama kwenye kipande. Čapek angewaona angesema hawa ndio niliowaandika.

Kinachouma ni kwamba waliotolewa nyumbani wakawa namba walikuwa watoto na wajukuu wa watu waliokuwa wakitengeneza chuma.

Sizungumzi habari za mhunzi mmoja mmoja anayenoa panga. Nazungumzia tanuri. Katika uwanda wa Ufipa, na hasa upande wa Nkasi, bado yapo mabaki ya minara ya udongo ambayo Wafipa huita malungu; moja ni ilungu. Likiwa zima ilungu lilisimama kiasi cha mita 3, jembamba juu kuliko chini, limejengwa kwa udongo wa kichuguu ambao unavumilia moto. Chini kuzunguka kuta kulikuwa na matundu, na ndani ya matundu mirija ya udongo wa kuchoma, pamoja na mlango mmoja mkubwa zaidi. Ndani walipanga kuni mbichi, makaa na mawe ya chuma kwa tabaka. Wakishawasha, hakuna aliyepuliza.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Sehemu nyingi za Afrika, na Ulaya vile vile, tanuri liliendeshwa kwa mifuo: watu wanapokezana kuvukuta mpaka mikono inakufa ganzi. Ilungu halikuhitaji. Hewa ya moto ndani ya mnara ni nyepesi, inapanda na kutoka juu; inapotoka inaacha pengo, na hewa ya nje inavutwa kuingia kwenye mirija. Moto ukizidi, mvuto unazidi. Mvuto ukizidi, moto unazidi. Ni kitu kinachojiendesha chenyewe, na kinaendelea hivyo mchana na usiku kwa siku kadhaa. Urefu wa mnara, upana wa matundu na idadi ya mirija ndivyo vilivyokuwa maelekezo yake. Ukinibana, nitasema fundi wa ilungu alikuwa ameandika programu kwa udongo. Kilichotoka hapo hakikuwa chuma safi bado, kilikuwa bonge lenye uchafu, na lilipelekwa katika tanuri dogo linalovukutwa kwa mifuo ili lisafishwe, ndipo mhunzi akalifua. Majembe ya Ufipa yalilima, yaliuzwa, yalitolewa mahari.

Haya hayakuandikwa na mimi wa kwanza. Padri Wyckaert, wa wamisionari tunaowaita Mapadri Weupe, aliyaeleza katika jarida la Anthropos mwaka 1914. Mwingereza Greig aliandika tena 1937. Wembah-Rashid, mtafiti wa Kitanzania, akayarudia 1969, na Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba Nkasi katika miaka ya 1990, akaonyesha kuwa eneo hilo moja lilikuwa na aina tofauti za matanuri, makubwa ya uwandani na mengine mafupi yanayoitwa katukutu. Na si Ufipa peke yake. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, kule Kagera, waliyeyusha chuma upya mbele ya watafiti Schmidt na Avery baada ya miaka mingi ya kuiacha kazi hiyo, na mwaka 1978 jarida la Science likatangaza kuwa moto wao ulipita nyuzi 1,800 za Selsiasi. Wataalamu walibishana sana kuhusu maelezo ya joto lile. Ubishi wenyewe ulikuwa heshima. Hakuna anayebishana kuhusu kitu cha kipuuzi.

Mbona basi yalikufa? Jibu la haraka ni mzungu, na si jibu la uongo. Majembe ya kiwandani yalifika kwa bei ambayo fundi anayekata miti, anachoma makaa, anachimba mawe na kulinda moto kwa siku na usiku hawezi kushindana nayo. Baadaye likawapo lile la alama ya mamba, lililotengenezwa Wolverhampton, ambalo bibi zetu walilijua kwa jina kuliko walivyomjua gavana. Nchi ilipopata uhuru tukapata la UFI, la kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China. Kodi nayo ilimtoa kijana nyumbani katika umri ule ule ambao angekuwa anajifunza kupanga mirija. Kufikia miaka ya 1930 moto wa malungu ulikuwa karibu umezimika.

Lakini kuna jibu la pili, ambalo katika vikao vyetu vya kujisifia Uafrika huwa tunaliruka. Kazi ya ilungu ilikuwa siri. Fundi mkuu alikuwa na kikapu cha dawa, magamba ya miti na vitu vingine, alivyoweka chini ya tanuri. Tanuri lilitendewa kama bibi harusi: linapambwa, linaimbiwa, na mafundi wanatakiwa wajitenge na wake zao mpaka kazi iishe, maana kulala na mke ni kulisaliti tanuri, nalo litazaa uchafu. Mimi sicheki mambo hayo. Yalikuwa namna ya kukumbuka hatua, ya kulinda nidhamu, na ya kueleza jinsi jiwe linavyogeuka kuwa kitu kingine, kwa mfano ambao kila mtu anauelewa, mimba na uzazi. Lakini mlango wa maarifa ulikuwa mwembamba. Nani anajua kipimo kamili cha dawa na cha udongo? Fundi mkuu. Nani atarithi? Yule atakayemchagua. Fundi akifa na mrithi wake yuko Tanga amekuwa namba, basi, kitabu kizima kimefungwa. Wale wengine waliobeba mawe na kukata kuni walijua nusu nusu.

Ndipo ninapowaona mafundi wetu na walimu wa UPE kama watu wawili waliokosana njiani. Mmoja alikuwa na maarifa mazito asiyempa mtu. Mwingine alikuwa na maarifa mepesi aliyompa kila mtu.

Turudi kwenye kigari chetu. Kilikuwa kidogo, magurudumu manne, mota tulizonyofoa kwenye printa mbovu, na kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja. Mbele kina macho mawili ya bati ambayo si macho. Kinatoa sauti isiyosikika na sikio la binadamu, kinasikiliza mwangwi, kinajua mbele kuna kitu, kinageuka. Kama popo. Tuliwahi kukipeleka katika kijiji kimoja upande wa Nkasi, tukakiweka chini mbele ya ofisi ya kijiji. Kilimkwepa kuku, watoto wakapiga yowe. Kilimkwepa mwenyekiti, watu wazima nao wakapiga yowe.

Mama mmoja akauliza, "Wanangu, kinaweza kubeba ndoo ya maji?"

"Hapana mama, hiki ni cha kuonyesha tu."

"Haya. Mmetuonyesha."

Watu walicheka, na sisi tukacheka. Lakini jibu lile lilikuwa kali kuliko swali lolote la majaji wa mashindano. Baadaye watu walipotawanyika, babu mmoja aliyekuwa amekaa pembeni muda wote alituita. Tukamwamkia, akaitikia, akatuuliza sisi ni watoto wa nani na wa nani, kama ilivyo kawaida, kisha akasema, "Kile chenu kinajiendesha, nimekiona. Pale nyuma ya mahindi kuna ilungu. Lilikuwa linajipuliza lenyewe. Mmeliona?"

Katika kumi na wawili, wanne walikuwa wanalijua neno. Hakuna aliyekuwa amewahi kuligusa.

Tulikwenda. Ukuta uliobaki unamfika mtu kifuani, ndani pameota majani, vipande vya mirija vimetapakaa shambani kati ya yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa huyaita intumba, ambamo nyasi hufukiwa zioze zirutubishe udongo. Nayo ni elimu iliyokuwapo kabla ya bwana shamba, lakini tuiache. Mmoja wa wasichana wetu, ambaye ndiye fundi wetu wa waya, akamwuliza babu wanawake walikuwa wapi wakati wa kazi hii. Babu akasema hawakuruhusiwa kukaribia. Bibi yake, aliyekuwa amesimama nyuma yetu na jembe begani, akadakia, "Kukaribia moto hatukukaribia. Hayo majembe walilimia nani?"

Tangu siku ile Jumamosi zetu zilibadilika. Kigari kinakwenda bado, maana watoto wanakipenda, lakini tunabeba pia futi kamba, daftari na simu ya kupigia picha. Tumepima mabaki ya malungu matatu: unene wa ukuta, umbali kati ya tundu na tundu, kipenyo cha mirija. Wenye mashamba wanaruhusu, ingawa mmoja alituuliza kama kuna mzungu nyuma yetu anayetafuta dhahabu. Vipande vyenyewe hatuviokoti, tunavipiga picha na kuviacha, kwa sababu mambo ya kale yana sheria yake na yana wenyewe. Na kila mahali tunauliza kabla ya kuonyesha. Wasichana ndio wanaoandika, kwa makusudi; bibi wengi wanawajibu wao yale ambayo kwetu wavulana wananyamaza.

Shuleni, nyuma ya maabara, tumejenga ilungu dogo linalotufika kiunoni, kwa udongo wa kichuguu. Hatuyeyushi chuma, mwalimu hataki kusikia. Tunachoma makaa tu na kupima hewa inayoingia kwenye mirija, kwa vipimo vile vile vilivyokuwa kwenye kigari. Babu alikuja kulitazama, amepanda bodaboda kutoka kwao. Alilizunguka mara mbili, akainama, akaingiza kidole kwenye mrija mmoja.

"Huu umelala mno," akasema.

Tukamwuliza uinuke kiasi gani.

"Baba ndiye aliyejua. Mimi nilikuwa mtoto, nilifukuzwa pale."

Kwa hiyo tumetengeneza mirija ya aina tatu: inayolala, iliyoinuka kidogo, na iliyoinuka zaidi. Ya kwanza tumeshaipima. Mirija iliyoinuka kidogo inakauka kivulini kwa sababu juani ilipasuka, na ikikauka tutaichoma, kisha Jumamosi tutaiwasha na kuona hewa inasemaje. Babu amesema atakuja, na bibi amesema safari hii naye anakuja.